Je, Programu za Hesabu Kwenye Simu Zinamfundisha Mtoto? Jinsi Mzazi na Mwalimu Wanavyoweza Kupima Wenyewe

Katika vituo vya Wajir Kaskazini, kuanzia mji wa Bute hadi Gurar, Korondile na Danaba, si ajabu siku hizi kumkuta mtoto wa Gredi ya 2 jioni ameinamia simu ya mzazi wake, akigonga majibu ya kujumlisha na kutoa huku nyota na makofi yakimshangilia. Mzazi hufurahi. Mtoto ametulia, hazururi, na simu inasema amepata 10 kati ya 10. Swali ambalo wengi hawaliulizi ni hili: simu ikizimwa na mtoto akapewa penseli na karatasi, je, hesabu anaijua?

Somo hili limeandaliwa ili kumsaidia mzazi, mlezi na mwalimu kulijibu swali hilo bila kutegemea maneno ya tangazo. Vifaa vinavyohitajika ni penseli, karatasi, kokoto chache na subira ya wiki 6.

KWA NINI JAMBO HILI NI ZITO KATIKA KAUNTI HII

Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, elimu ya chekechea ni jukumu la serikali za kaunti. Shule za msingi na za upili ziko chini ya serikali ya kitaifa, na walimu wake huajiriwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC). Lakini mtoto ni yule yule. Asipoelewa namba katika darasa la PP2, pengo hilo huingia naye Gredi ya 1, likampanda Gredi ya 3, na mwishowe akalibeba hadi kwenye tathmini ya KPSEA ya Gredi ya 6, iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2022.

Kaskazini Mashariki kuna sababu nyingine. Baada ya shambulizi la basi huko Mandera mnamo Novemba 2014, lile la Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, na lile la Qarsa hapa Wajir mnamo Februari 2018, walimu wengi wasio wenyeji wa eneo hili waliondoka au wakahamishwa. Ukame nao huzihamisha familia pamoja na mifugo, na mtoto hukosa masomo kwa majuma. Mahali penye pengo la namna hiyo, simu inayoahidi kufundisha huvutia kuliko mahali pengine.

Ndiyo sababu inafaa kupimwa kwa makini zaidi. Mtoto mwenye mwalimu wa kutosha akipoteza miezi 6 kwenye programu mbovu, darasa litamrudisha kwenye njia. Mtoto asiye na mwalimu wa kutosha hana wa kumrudisha, na miezi hiyo 6 haitapatikana tena.

YALIYOONEKANA KWINGINE

Swali hili limefanyiwa majaribio katika nchi nyingi, na majibu yake hayafanani.

Tanzania: Shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE liliwapa watoto wapatao 2,700 katika vijiji takriban 170 vya mkoa wa Tanga kompyuta kibao zenye programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu. Jaribio lilianza mwishoni mwa 2017 na likaendelea kwa miezi 15. Wengi wa watoto hao hawakuwa wamewahi kwenda shule, na vifaa vilichajiwa kwa umeme wa jua. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili; mwishoni idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Mnamo Mei 2019 programu mbili, Kitkit School na ile ya onebillion, zilitangazwa washindi kwa pamoja na kugawana dola milioni 10. Jaribio hilo lilionyesha kwamba kifaa chenye programu iliyotengenezwa vyema, kwa lugha ambayo mtoto anaielewa, kinaweza kumfikia mtoto aliye mbali na shule. Lilionyesha pia kwamba hata katika jaribio lililosifiwa duniani kote, watoto wengi walibaki hawajui kusoma.

Malawi: Katika shule moja ya msingi jijini Lilongwe, watafiti waliwagawa watoto wapatao 300 wa madarasa ya 1 hadi 3 katika makundi matatu kwa wiki 8. Kundi la kwanza lilitumia kompyuta kibao zenye programu za hesabu. Kundi la pili lilipewa kompyuta kibao pia, lakini zenye michezo isiyo ya hesabu. Kundi la tatu liliendelea na masomo ya kawaida ya mwalimu. Matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 2015, na watoto waliotumia programu za hesabu walipiga hatua kubwa zaidi. Kundi la pili ndilo linalolipa jaribio hilo uzito. Kama furaha ya kushika kifaa kipya ndiyo ingekuwa sababu ya maendeleo, kundi hilo nalo lingefanya vizuri sawasawa na la kwanza.

India: Jijini Delhi, programu ya Mindspark ilipimwa kwa wanafunzi 619 kwa muda wa miezi 4 na nusu, na alama zao za hesabu zikapanda sana kuliko za wenzao. Programu hiyo ilianza kwa kupima kiwango halisi cha kila mtoto, kisha ikampa maswali ya kiwango hicho. Hilo lilikuwa muhimu kwa sababu wanafunzi wa Gredi ya 6 walionekana kuwa nyuma ya gredi yao kwa miaka zaidi ya 2 katika hesabu. Ni vizuri kukumbuka kwamba nusu ya kila kipindi cha dakika 90 ilikuwa masomo ya kikundi pamoja na mwalimu msaidizi. Kompyuta haikuachiwa kazi peke yake.

Peru: Mpango wa kumpa kila mtoto kompyuta yake ulipimwa katika shule 319 za mashambani. Baada ya takriban miezi 15 kompyuta zilikuwa zimefika na watoto walikuwa wakizitumia, lakini alama za hesabu na za lugha hazikupanda kuliko za shule ambazo hazikupewa kitu.

Botswana: Shule zilipofungwa mwaka wa 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, familia zilitumiwa maswali ya hesabu kwa ujumbe mfupi wa simu, na baadhi yao zikapigiwa simu na mwalimu kwa dakika chache kila juma. Zilizopata ujumbe pamoja na kupigiwa simu zilionyesha maendeleo ya wazi. Ujumbe peke yake haukuleta matokeo ya kutegemewa. Ujumbe mfupi na kupigiwa simu huwezekana hata kwa simu za kawaida za kubonyeza, ambazo hata katika kaunti hii ziko katika boma nyingi.

Hapa nchini, serikali ya kitaifa ilianza mwaka wa 2016 kusambaza vifaa vya kidijitali katika shule za umma, kwanza kwa wanafunzi wa darasa la 1. Vifaa zaidi ya milioni 1 vilifika katika shule zaidi ya 20,000. Kufika kwa kifaa ni hatua ya kwanza tu, kama Peru ilivyoonyesha. Kinachobaki kupimwa ni kile mtoto anachokifanya akiwa amekishika.

ALAMA ZA NDANI YA SIMU SI KIPIMO

Kila mzazi aliyempeleka mwanawe duksi anajua jinsi maalimu anavyopima. Haulizi mtoto ameushika ubao kwa saa ngapi. Humwambia asome bila kuutazama, na ubao huoshwa tu pale maneno yanapokuwa yamekaa kichwani. Programu ya hesabu nayo inastahili kupimwa hivyo hivyo: mtoto atoe anachokijua wakati simu haipo.

Alama zinazoonyeshwa na simu zinaweza kudanganya kwa njia tatu.

Ya kwanza ni kubahatisha. Swali likiwa na majibu manne ya kuchagua, mtoto asiyejua chochote akigonga ovyo katika maswali 10 atapata 2 au 3 kwa wastani. Majibu yakiwa mawili tu, atapata 5. Nusu ya alama imepatikana bila kujua hesabu.

Ya pili ni kurudia hadi kupata. Programu nyingi humruhusu mtoto kugonga tena na tena mpaka jibu sahihi lipatikane, kisha humpa nyota ile ile anayopewa aliyepata mara moja. Mtoto wa namna hiyo hawezi kushindwa, na kwa hiyo nyota zake hazimwambii mzazi lolote.

Ya tatu ni kukariri mahali. Baada ya kucheza mchezo ule ule kwa siku kadhaa, mtoto hukumbuka kwamba jibu liko kwenye puto jekundu la upande wa kulia. Macho ndiyo yaliyojifunza. Hesabu yenyewe bado haijui.

DALILI ZA PROGRAMU INAYOFUNDISHA

Kabla ya kumkabidhi mtoto simu, mzazi aitumie programu hiyo mwenyewe kwa dakika 15. Ajibu vibaya kwa makusudi, kisha atazame kinachotokea. Hapo ndipo programu nzuri hujitenga na mbovu.

Chukua mfano wa 52 kutoa 28. Jibu ni 24. Watoto wengi wa Gredi ya 2 na ya 3 hujibu 36, kwa sababu hutoa tarakimu ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu: 5 kutoa 2 ni 3, na 8 kutoa 2 ni 6. Programu mbovu husema “umekosea, jaribu tena.” Mtoto hajui amekosea wapi, kwa hiyo hubahatisha. Programu nzuri humwonyesha mafungu 5 ya kumi na vijiti 2, ikalifungua fungu moja ili viwe vijiti 12, kisha ikaondoa vijiti 8 na mafungu 2. Mtoto huona kwa macho yake kwa nini jibu si 36.

Mambo mengine ya kuangalia ni haya:

1. Inapima kwanza kiwango cha mtoto, na inamrudisha nyuma anapokwama badala ya kumsukuma mbele.

2. Inamtaka mtoto aandike au apange jibu, si kuchagua tu kati ya majibu yaliyopo.

3. Michezo na muziki haviizidi hesabu. Mzazi ahesabu: katika dakika 10, mtoto amejibu maswali mangapi? Akiwa amejibu maswali 6 na muda uliobaki ameutumia kumvalisha mnyama nguo, huo ni mchezo na si somo.

4. Inafuata mtaala anaousoma mtoto. Taasisi ya Kukuza Mitaala ya Kenya (KICD) hukagua na kuidhinisha vifaa vya masomo, vikiwemo vya kidijitali, na ina mtandao wake wa masomo uitwao Kenya Education Cloud.

5. Inafanya kazi bila intaneti. Katika sehemu ambazo mtandao hukatika, mzazi azime data kisha aifungue programu. Ikikataa kufunguka, itamkatisha tamaa mtoto siku zile ambazo familia iko malishoni.

JARIBIO LA NYUMBANI LA WIKI 6

Hatua ya kwanza: Chagua mada moja. Programu huwa na mada nyingi, nawe huwezi kupima zote kwa pamoja. Tuseme ni kujumlisha namba za tarakimu mbili.

Hatua ya pili: Andika maswali 10 ya mada hiyo kwenye karatasi, kama 34 + 27, 46 + 18 na 25 + 39. Hili ni kundi A. Kisha andika maswali 10 ya mada nyingine ambayo mtoto anaisoma shuleni muhula huo lakini hataifanyia mazoezi kwenye simu, kwa mfano kusoma saa au kutambua pesa. Hili ni kundi B. Ukishindwa kuchagua, muulize mwalimu wa darasa anafundisha nini majuma hayo.

Hatua ya tatu: Mpe mtoto maswali yote kabla hajaanza kutumia programu. Usimsaidie wala usimkaripie. Andika tarehe na alama, kisha iweke karatasi mahali salama.

Hatua ya nne: Mtoto atumie programu kwa dakika 20 kwa siku, siku 4 kwa wiki. Kila siku weka alama ya mstari mmoja kwenye karatasi. Asipotumia, usiweke. Programu iliyotumika siku 5 tu katika wiki 6 haijapimwa.

Hatua ya tano: Baada ya wiki 6, mpe tena makundi yote mawili yenye maswali ya aina ile ile lakini namba tofauti. Ongeza maswali mawili ya maneno yanayotoka katika maisha yake. Kwa mfano: “Zizini kuna mbuzi 34. Jioni wengine 27 wamerudi kutoka malishoni. Sasa wako wangapi?” Au: “Mama ameteka mitungi 3 ya maji ya lita 20 kila mmoja, na ametumia lita 35. Zimebaki lita ngapi?” Majibu ni mbuzi 61 na lita 25. Swali la pili ni la Gredi ya 3 na kuendelea.

Hatua ya sita: Kwa kila jibu, liwe sahihi au la, muulize mtoto: “Umejuaje?” Mpe kokoto akitaka kuonyesha. Mtoto anayeelewa ataeleza kwa maneno yake au kwa mikono. Aliyekariri atanyamaza au atasema “simu ilisema hivyo.”

Hatua ya saba: Kaa wiki 2 bila simu, kisha mpe tena kundi A lenye namba nyingine. Elimu iliyokaa kichwani haiondoki kwa wiki 2.

JINSI YA KUYASOMA MATOKEO

Mfano wa kwanza: Kundi A limepanda kutoka 3 hadi 8, na kundi B kutoka 3 hadi 4. Mada iliyofanyiwa mazoezi kwenye simu imepanda sana, ile nyingine imesogea kidogo. Inaelekea programu imesaidia.

Mfano wa pili: Kundi A limepanda kutoka 3 hadi 7, na kundi B nalo kutoka 3 hadi 7. Mtoto amekua, mwalimu amefundisha, na mada zote mbili zimepanda pamoja. Hapa programu haiwezi kudai sifa. Bila kundi B mzazi angeishukuru simu kwa kazi iliyofanywa na mwalimu.

Mfano wa tatu: Kundi A limetoka 3 likafika 4, ilhali simu inaonyesha nyota zote. Mtoto amejifunza kuicheza programu. Hesabu haijasogea.

Mfano wa nne: Kundi A limefika 8, lakini baada ya wiki 2 limeshuka hadi 4. Somo liliingia lakini halikukaa. Programu inaweza kuendelea kutumika, ila mtoto anahitaji marudio ya kila juma kwenye daftari.

Tofauti ya alama 1 si kitu cha kuzingatia. Mtoto anaweza kuipata kwa sababu tu siku hiyo amelala vizuri. Na matokeo ya mtoto mmoja ni ya mtoto huyo. Jirani asiende kununua programu kwa sababu imemfaa mtoto wa nyumba ya pili.

LUGHA ISICHANGANYWE NA HESABU

Watoto wengi wa Bute huongea Kisomali au Kiborana nyumbani, na programu nyingi za hesabu ni za Kiingereza. Mtoto anayejua kwamba 12 imeizidi 7 kwa 5 anaweza kukosa swali kwa sababu tu hakuelewa maneno yake. Mzazi asipoligundua hilo, atadhani mwanawe ni mzito wa hesabu.

Njia ya kutofautisha ni rahisi. Swali ambalo mtoto amelikosa, msomee tena kwa lugha ya nyumbani. Akilipata, shida ni lugha, na kinachohitajika ni mtu wa kukaa naye na kumfafanulia maneno. Akilikosa tena, shida ni hesabu yenyewe. Programu za Tanga zilikuwa kwa Kiswahili, lugha ya watoto wale na ya nchi yao. Mzazi wa hapa asitarajie programu ya Kiingereza ifanye kazi ile ile bila msaada wake.

Kuna faida pia hapo. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kushiriki kikamilifu. Aliyezoea kuhesabu mifugo, kugawa maziwa na kurudisha chenji dukani anaijua hesabu, na anaweza kumuuliza mwanawe “umejuaje?” kwa lugha yoyote.

KWA WALIMU WENYE VIFAA DARASANI

Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 40 na vifaa vichache anaweza kufanya jaribio lenye nguvu zaidi. Awagawe wanafunzi katika makundi mawili kwa kura, si kwa uwezo. Akiwapa vifaa wale hodari tu, mwishowe watakuwa mbele, lakini walikuwa mbele tangu mwanzo. Akiwapa walio dhaifu kabisa pekee, huenda wakapanda hata bila msaada, kwa kuwa aliyefanya vibaya sana siku moja mara nyingi hufanya afadhali siku nyingine.

Kundi la kwanza litumie programu kwa dakika 20. Kundi la pili lifanye mada ile ile kwa dakika 20 likitumia vijiti vilivyofungwa kumi kumi, vizibo vya soda au kokoto. Muda lazima uwe sawa, vinginevyo kitakachopimwa ni dakika za ziada. Wanafunzi wawili wanaweza kushirikiana kifaa kimoja, mmoja agonge na mwingine aeleze sababu, kisha wabadilishane.

Baada ya wiki 6 wote wapewe mtihani mmoja wa karatasi, halafu makundi yabadilishane ili asiwepo mtoto aliyenyimwa. Mwalimu aandike pia majina ya waliokosa masomo kwa sababu familia zilihama, asije akailaumu programu kwa mtoto ambaye hakuwepo. Vijiti vikileta matokeo sawa na kompyuta, shule imejifunza jambo kubwa kwa gharama ndogo, na vifaa vinaweza kupelekwa kwenye mada ambayo vijiti haviwezi kuifundisha.

PESA, UMRI NA FARAGHA

Programu isemayo ni ya bure huweza kulipisha kwa njia nyingine: matangazo yanayokula bando, au ngazi za mbele zinazofunguliwa kwa malipo. Mzazi ajue gharama ya mwezi mzima kabla ya kuanza, kisha ailinganishe na bei ya daftari na penseli.

Kwa watoto wa miaka 2 hadi 4, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 2019 kwamba muda wa kukaa mbele ya skrini usizidi saa 1 kwa siku, na ukipungua ni bora zaidi. Mtoto wa chekechea hujifunza namba kwa kushika, kupanga na kuhesabu vitu kwa sauti pamoja na mtu mzima. Simu haiwezi kuchukua nafasi hiyo.

Kuhusu faragha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mzazi au mlezi akubali kabla habari za mtoto hazijakusanywa na kutumiwa. Programu ya kujumlisha haina haja ya kujua mtoto yuko wapi, kuona picha zake wala kusoma majina yaliyo kwenye simu. Ikiomba ruhusa hizo, zikatae. Ikigoma kufanya kazi, iondoe. Malalamiko kuhusu matumizi mabaya ya habari za watu hupokelewa na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

MASWALI YA KUPELEKA KWENYE KIKAO CHA WAZAZI

Shule au mfadhili akipendekeza programu ya hesabu, wazazi na wanachama wa Bodi ya Usimamizi wana haki ya kuuliza:

1. Imepimwa wapi, kwa watoto wa umri gani, na kwa lugha gani?

2. Walilinganishwa na nani? Kusema tu kwamba alama zilipanda hakutoshi.

3. Waliopima ni wauzaji wenyewe au ni watu wengine?

4. Mtihani ulikuwa wa karatasi au ni alama za ndani ya programu?

5. Itafanya kazi siku ambayo hakuna mtandao wala umeme?

6. Nani atakaa na mtoto anapokwama?

7. Fedha hizo zisipotumika hapa, zingenunua nini kingine kwa ajili ya hesabu?

Mzazi aliyefanya jaribio la wiki 6 aende kwenye kikao na karatasi zake, ile ya kabla na ile ya baada, zenye tarehe. Wazazi 10 wa darasa moja wakiziweka mezani pamoja, mwalimu mkuu atakuwa na ushahidi wa watoto wa Bute wenyewe, na uamuzi kuhusu programu hiyo utafanywa kwa kuwatazama wao.